Siku Uliyonituma kwa Nesi

Kwa dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, kwenye kiti chako mbele ya cherehani, maana najua hata barua hii utaisoma mguu ukiwa juu ya pedeli. Mgongo vipi? Mara ya mwisho uliniambia umehamia kulala chini kwa sababu kitanda kinakuumiza, nami nikacheka, nikakuambia umezeeka kabla ya mama. Nisamehe kwa hilo, na uniambie kama umepata nafuu. Mama naye je? Bado anakataa miwani na kuwalaumu wenye magazeti kwamba wanaandika herufi ndogo makusudi? Mimi ni mzima. Magoti yangu yote mawili yapo na yanafanya kazi, ila hili la kushoto limeanza kujifanya linatabiri mvua.

Kazini hakujaharibika kitu. Bado niko kwa dobi, bado ni mtu wa pasi, mashati mia na zaidi kwa siku, nimesimama tangu asubuhi. Bosi amenunua pasi mpya ya mvuke akanikabidhi mimi, na wenzangu wamenuna kama nimewapokonya mume. Nikichoka hukumbuka mama alivyokuwa akisema: mmoja anashona, mwingine ananyoosha, angepata mtoto wa tatu angekuwa wa kuvaa tu.

Kifurushi chako kilifika Jumanne. Nitakuja kwenye hicho, naomba uvumilie.

Kwanza nikupe habari za klabu. Unamkumbuka katibu wetu wa wakimbiaji, yule kinyozi asiyejua kunyamaza. Kila kabla ya mbio kubwa hutoa kijarida cha kurasa nne, na safari hii aliamua kila mkimbiaji aandike mambo kumi ambayo watu hawayajui kumhusu. Nikamwambia mimi sina siri, nina vidonda vya miguu tu. Akasema hata vidonda niandike. Basi nikakaa na karatasi yake siku tatu.

Nikwambie niliyoandika, angalau ucheke kidogo. Niliandika kwamba kati ya kucha kumi za miguu nimebakiwa na saba, na mbili kati ya hizo nazitilia shaka. Kwamba siwezi kutazama mbio kwenye televisheni, natoka nje. Kwamba nikikimbia sihesabu hatua, nahesabu vifungo: navaa shati moja kichwani mwangu, vifungo saba vya mbele, viwili vya mikono, halafu shati jingine, na nikifika shati la mia najua nimekaribia nyumbani. Kwamba asubuhi ya mashindano nakula viazi baridi vya kuchemsha nikiwa nimesimama mlangoni, na kwa nini mlangoni sijui. Kwamba mbwa namkemea lakini kuku namkimbia. Kwamba niliwahi kupitwa na mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano, na siku hiyo nilikuwa najitahidi. Hili katibu alilicheka mpaka akamharibia mteja nywele.

La saba ni kwamba kila mbio ndefu, nikivuka kilomita ya thelathini, huwa nalia. Watu hudhani ni jasho, nami nawaacha wadhani. La nane ni kwamba sijawahi kumaliza mbio nikamtazama mtu aliyekuwa akinisubiri, huwa natazama chini mpaka nipewe maji. La tisa nililiandika nikalikata, nikaliandika nikalikata tena, mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwambia katibu kwamba nimeishiwa mambo.

Yeye na kiherehere chake akaona anisaidie. Alichukua namba yako kwenye fomu ya klabu, pale palipoandikwa mtu wa kuitwa mkimbiaji akianguka, akakupigia. Hukuniambia, nadhani ulitaka kunishtukiza. Juzi alikuja kwa dobi akihema, akanisomea maneno yako mbele ya wenzangu wote. Kwamba mdogo wako alianza kukimbia akiwa na miaka kumi na miwili, siku mwanao alipopatwa na degedege. Kwamba ulimtuma kwa nesi, akaenda na kurudi kwa mbio hadi akatapika mlangoni, na ndiyo maana ukamwita Mshale. Na kwamba mtoto hakupona kwa sababu wewe mama yake ulichelewa kumtuma. Mwishoni ulisema: "Yeye alikimbia. Mimi ndiye niliyechelewa." Katibu akasema hayo yatakaa ukurasa wa kwanza kwa herufi nene. Wenzangu wakaacha pasi zao, mmoja akafuta machozi kwa shati la mteja. Mimi niliunguza suruali.

Halafu kuna fulana yako. Ya njano, mishono imenyooka kama kawaida yako, na mgongoni umetarizi jina la mwanao, KIBONGE, kwa uzi mwekundu. Kwenye kikaratasi uliandika kwamba mwaka huu angetimiza miaka ishirini, kwamba Jumapili ya mbio utakuja kusimama kwenye mstari wa kumalizia, umwone na yeye akiingia. Niliiweka juu ya meza ya pasi nikashindwa hata kuigusa. Mikono iliyonyoosha mashati ya watu miaka yote hii ilishindwa na fulana moja.

Dada, kama cherehani inazunguka, isimamishe. Nimejikaza mpaka hapa, sasa sina budi kukuambia.

Unakumbuka mwezi ule, nilipokuwa nakaa kwenu ili nisome karibu, ulikuwa umeshanituma kwa nesi mara mbili. Mara ya kwanza Kibonge alikuwa anaota meno. Mara ya pili ulidhani amemeza kifungo, kumbe kifungo kilikuwa kwenye soksi yake. Mara zote mbili nilikimbia kweli, nikafika sina pumzi, na nesi akacheka, akasema nikuambie ujifunze kumwangalia mtoto kabla ya kumtoa mtu roho. Jambo usilolijua ni kwamba binti zake wawili nilisoma nao. Walinipachika jina la Ambulensi. Nikiingia darasani wanalia wii-wii, darasa zima linavunjika mbavu, siku moja hata mwalimu wa hesabu alicheka. Sikukuambia kwa sababu ungekwenda kugombana shuleni, na wewe kwa kugombana nakujua.

Mara ya tatu ilikuwa alasiri. Ulikuwa umembeba, mwili unamchemka, akatetemeka, macho yakapanda juu. Ulinipigia kelele nikimbie. Nilitoka mbio mbele ya macho yako, na nilikimbia hadi kona ya ghala tu. Pale kona niliwaona binti za nesi na wenzao wamekaa kwenye ukuta wa bomba la maji. Nikaacha kukimbia. Nikatembea kama mtoto aliyetumwa chumvi. Halafu nikaona hata kutembea mbele yao siwezi, nikakata kushoto, nikazunguka nyuma ya ghala, nikakaa kwenye mfereji kusubiri waondoke. Nilirusha mawe. Niliokota vizibo vya soda. Nilijiambia ni meno tena, ni kifungo tena, na kwamba wewe umezidi. Nilikuwa nimekukasirikia, dada, kwa kuniaibisha. Nilipochungulia mara ya mwisho, binti za nesi walikuwa wameondoka na wale wa zamu ya mchana walikuwa wanatoka shuleni, na ndivyo ninavyojua kwamba ilikuwa karibu saa nzima.

Nesi aliponiuliza kuna nini nikamwambia mtoto anatetemeka. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alichukua mkoba akatoka na ndala za kuogea. Hapo ndipo nilipoogopa, na hapo ndipo nilipokimbia, nikampita njiani, majirani wote wakaniona. Nilitapika mlangoni pako kwa hofu.

Baadaye nesi alisema mtoto alikuwa amekaa muda mrefu katika hali ile, mbona hakuitwa mapema. Watu wote walikugeukia wewe. Ulisema ulinituma pale pale. Kesho yake shemeji alirudi na lori lake, akaniita mbele ya mama yake, akaniuliza kwa upole kabisa nilitumwa wakati gani na nilipita wapi. Nikamwambia nilikimbia moja kwa moja, sikusimama popote. Wewe ulinitazama. Nililiona swali machoni mwako, na nikaona unalizima. Uliamua kuniamini mimi, na kwa kuwa uliniamini mimi, ikabidi uache kujiamini wewe. Jioni ile nilikusikia ukimwambia mama kwamba labda kweli ulikaa naye kidogo kabla ya kunituma, labda ulichanganyikiwa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mama mkwe wako alisema ulikuwa umelala. Shemeji alivumilia miezi saba, kisha akachukua begi lake. Hukuolewa tena, na kila aliyetaka kukuoa ulimwambia wewe si mtu wa kukabidhiwa mtoto. Tangu hapo unafika kituoni saa mbili kabla ya basi. Nguo za wateja unazimaliza wiki nzima kabla, halafu unaomba radhi. Na fedha ya kwanza ya cherehani ulininunulia viatu vya kukimbilia, ukawaambia wateja wako wote kuhusu Mshale wako. Nilivaa viatu vile. Nilivivaa nikakimbia, na nimekimbia miaka kumi na tisa, maana nikisimama watu wangeniuliza kwa nini.

Mwaka jana nilipokuja kukutembelea, nilikuambia nakwenda kumwona rafiki. Nilikwenda mtaa wetu wa zamani. Nilisimama mbele ya vyumba vyenu viwili, nikabonyeza saa, nikakimbia hadi pale palipokuwa na geti la nesi, sasa ni duka la rangi. Dakika sita na sekunde kumi na nane. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, tuseme dakika tisa. Mwenye duka alinikuta nimekaa kwenye ngazi yake nikilia, akaniletea kiti.

Sisemi kwamba Kibonge angepona. Nilimuuliza daktari mmoja wa klabu yetu bila kumwambia ni mtoto gani. Akasema wengine hupona, wengine huondoka hata wakiwahiwa. Sitafuti kujificha humo.

Lakini kuna jambo ninalolijua peke yangu, kwa sababu chumbani tulikuwa watatu na mmoja wetu alikuwa hajajua kusema. Alipotetemeka, alitetemeka mara moja. Kabla mkono wake haujatulia, jina langu lilikuwa limeshatoka mdomoni mwako. Hukumlaza kwanza. Hukusubiri uone kama kutapita. Nilikuwa nimeshika daftari la shule na sikupata nafasi ya kulifunga. Hukulala, dada. Hukuchanganyikiwa. Ulimtuma mtu pale pale, ila uliyemtuma ndiye aliyekuwa mbaya.

Katibu nimemweleza yote jana, kwenye kiti chake cha kunyolea. Alichukua kalamu akayakata maneno yako kwenye kijarida. Ukurasa wa kwanza ataweka ratiba na ramani. Fulana nimeikunja nikairudisha kwenye karatasi yake, na sitaivaa isipokuwa wewe uniambie niivae. Ukiitaka, nitaileta kwa mkono wangu, na kama hutaki kuniona nitaiacha kwa jirani. Jumapili usije kwa sababu tu ulishaahidi. Ukija, uje ukijua. "Nisamehe" sikuandikii kwa hili, maana sijui kama nina haki ya kulitamka neno hilo kwako. Nakupenda, na nimekupenda miaka yote hiyo kwa aibu.

Mama mpe salamu zangu. Hili halijui, na nitakuja kumwambia mwenyewe, nawe ukiwepo ukitaka. Wasalimie wasichana wanaojifunza kushona kwako, na yule jirani mwenye redio. Jitunze mgongo, usibebe majora ya vitambaa peke yako.

Shemeji pia nimemwandikia leo, kwa anwani ya kampuni yake ya malori, na nakala nimempelekea mama yake. Barua yao si ndefu kama hii. Nimeandika kwamba mke wake alimwita nesi mtoto alipotetemeka mara ya kwanza, na kwamba mimi nilikuwa nyuma ya ghala naokota vizibo.

Ni mimi,
mdogo wako.