Mgongo Ulioniumbua Kibara

Mama Bwire mpenzi,

Huku Kibara mvua haitupi nafasi. Pole tena kwa msiba wa baba yako, na kwa mshono huo wa uzazi usijilaumu hata kidogo kwa kutokuja. Nakuandikia kabla hujasikia kwa kaka yako Magesa.

Siku ya mazishi, wakwe wenzangu wote walichimba kaburi. Mimi nilikaa kwenye kiti na wazee, ule mshipa wa fahamu ukiniwaka kutoka kiunoni hadi kisiginoni.

Leo asubuhi kokoro, ule wavu mrefu wa kuvutwa kwa kamba hadi ufukweni, limeingia limejaa samaki aina ya sato. Tangu nyuzi za nyavu zikosekane madukani, huku wanakulaga ugali na mlenda tu, basi ufukwe mzima ulilipuka kwa vigelegele. Nikajikuta majini hadi kifuani, navuta kamba na kuimba. Kugeuka, Magesa huyo ananitazama.

"Shemeji, mgongo umepona lini?"

Nikaiachia kamba.

Nimemwuliza tabibu wa zahanati. Anasema mtu akifurahi sana, ubongo humwaga kemikali iitwayo dopamini, na kwenye uti wa mgongo kuna vipokezi vinavyoidaka na kupunguza maumivu yanayopanda. Kwa hiyo kaburini sikudanganya. Lakini nitamwambiaje mama yako kwamba nimefurahi kiasi hicho kwa ajili ya sato, na udongo wa mumewe haujakauka?

Mbusu mtoto, nawe upone salama. Maumivu yamerudi tangu mchana, ila mbele za watu natembea wima; heri waseme mgongo umepona kuliko wajue nilivyofurahi.

Baba Bwire