Kidole Changu kwa Jina la Mama Mkubwa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kuna mlio mfupi wa mashine ambao hautoki masikioni mwangu, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Natumaini mgongo umepoa. Mimi mwili ni mzima.

Uliniuliza kama dada yako anapata dawa zake za presha, nikabadili mazungumzo. Hapati, Mama.

Mashine ya kutambua watu tunayotengeneza kwenye maabara yetu hupiga picha ya mistari iliyo chini ya ngozi ya kidole, ambayo sabuni na kazi haziifikii, wala mwizi hawezi kuiiga kwa kidole cha mpira. Siku ya kuwaonyesha wanunuzi nilimwita Mama Mkubwa mwenyewe, kwa kuwa matanuri ya mikate yamemlainisha vidole hadi kila ofisi inamkataa. Alivaa gauni lake la harusini. Aliwaambia wageni kwamba kama mashine inaona ndani, isije ikafika rohoni, maana huko ana mambo yake. Walicheka wote.

Mashine haikuona kitu. Moto ulikuwa umefika hadi chini. Mkurugenzi aliniambia taratibu nifute kioo, tujaribu tena. Niliinama kama ninayemwelekeza, nikapenyeza kidole changu chini ya kiganja chake. Mashine ikalia: amesajiliwa. Watu wakapiga makofi, naye akanikumbatia, akisema mtoto wa mdogo wake hakusoma bure.

Sasa zahanati yake inatumia mashine hiyo hiyo. Kila akienda anaambiwa yeye siye. Anajipaka mafuta vidoleni, anawaomba radhi wauguzi, anailaumu mikono yake. Nami nilimwambia avumilie, mtandao unasumbua. Juzi alianguka jikoni. Amepata nafuu, yuko kwangu.

Jana nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama wewe unajua, nikakosa pa kuweka uso wangu.

Msalimie Baba, na umsomee barua hii bila kuruka kitu. Leo asubuhi nimekiri mbele ya mkurugenzi na wenzangu, nikafuta kidole changu kwenye jina lake. Zahanati wamekubali kumpa dawa kwa kitambulisho cha kawaida. Wanunuzi nimewaandikia kwamba kuna vidole mashine yetu haivioni, na nikawaeleza nilivyowadanganya. Mkurugenzi alisema nimewaharibia wote. Nimemwachia funguo za maabara, nikatoka.

Kitindamimba wako