GARI LA MBWA TISA NA MAGUNIA YA SALFA

CHAMA CHA WASASI NA WALINZI WA MASHAMBA, MASASI NA NEWALA

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati Tendaji kilichofanyika Jumamosi, tarehe 17 Aprili 2004, uani kwa Bw. Eliakimu Mkwinda, Lisekese. Kilipangwa kuanza saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 5:10.

WALIOHUDHURIA
1. Mwl. Reginald Nandonde – Mwenyekiti
2. Bw. Ashraf Likwata – Makamu Mwenyekiti
3. Bi. Mabel Chitanda – Katibu
4. Bw. Eliakimu Mkwinda – Mtunza Mbwa
5. Bw. Gasper Mchopa – Mjumbe
6. Bi. Ziada Muharami (Mama Sadallah) – Mjumbe, Chilangala

ASIYEHUDHURIA
Bw. Dunstan Nakuchema – alituma taarifa kuwa anaumwa mguu. Saa 6:00 mchana alipita barabarani kwa baiskeli na kuwapungia wajumbe mkono.

MWALIKWA
Bw. Walter, wakala wa muuza magari wa Mtwara mjini, aliyefika na magari mawili na dereva wa pili.

Mbwa tisa wa Chama walikuwepo muda wote. Hawana kura.

KUMB. NA. 1/4/2004: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kueleza kwamba zamani, alipokuwa mwalimu mkuu, gari lilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa barua, na barua ilijibiwa mwaka uliofuata. Sasa soko ni huria, na hata wasasi wa Lisekese wanaletewa magari ya Kijapani uani wachague rangi. Alieleza haya kwa dakika ishirini na tano. Bw. Gasper aliuliza kama rangi itachaguliwa kabla jua halijazama. Mwenyekiti alimtaka aheshimu kiti. Bw. Gasper alisema anakiheshimu kiti, ila amekalia tofali.

KUMB. NA. 2/4/2004: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu alikumbusha kwamba fedha ilishapitishwa na haijadiliwi tena. Kinachotakiwa ni gari dogo la fowili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye paa, litakalobeba mbwa tisa na nyavu kwenda kusaka, na magunia ya salfa msimu wa kupulizia mikorosho.

Bw. Gasper aliomba wazo lake la pikapu lifikiriwe upya. Alikumbushwa kuwa mwaka jana pikapu ya kuazima ilipokuwa inapanda kwenda Newala, mbwa waliona ngedere kwenye kona, wakashuka wote bila kumuaga dereva, na wawili walipatikana siku ya tatu. Pia salfa ililowa. Bw. Gasper alisema ngedere yule alikuwa bahati mbaya. Wazo halikupata wa kuliunga mkono.

KUMB. NA. 3/4/2004: TAARIFA YA CHILANGALA
Mama Sadallah alieleza kwamba mwezi Februari alipoomba msaada, lori lilikataa kubeba mbwa, wakatembezwa kwa miguu siku mbili kutoka Lisekese. Walifika wamechoka, wakalala kwenye kivuli cha mkorosho wake hadi jioni, huku nguruwe pori wakimaliza muhogo wa upande wa juu. Bw. Eliakimu alitaka iandikwe kwamba mbwa waliamka baadaye. Imeandikwa.

Mama Sadallah aliendelea kwamba sasa zimebaki karanga tu, zinazokaribia kung'olewa, na nguruwe wameanza kuzifukua tangu Jumatano. Anakesha akipiga debe, na hata debe wameshalizoea. Shamba hilo aliachiwa na marehemu mumewe. Karanga hizi zikiliwa, hatalima tena. Atahamia kwa kaka yake Nanganga, na wapande wengine. Alisema haya kwa sauti ya kawaida, bila kulalamika, na Katibu hapendi kuficha kwamba aliumia kumsikia.

Bw. Ashraf alisema huyo mnyama amezidi. (Bw. Ashraf hamtaji nguruwe kwa jina. Popote palipoandikwa "huyo mnyama", wasomaji waelewe.)

KUMB. NA. 4/4/2004: UKAGUZI WA MAGARI
Gari la kwanza lilikuwa jekundu, la milango mitatu, na tundu la kioo kwenye paa. Mwenyekiti alikaa ndani yake muda mrefu, akalifungua tundu na kulifunga, akapiga honi mara mbili, kisha akasema kwa maoni yake linafaa kwa shughuli za Chama. Alipoulizwa shughuli zipi, alitaja mikutano ya mkoani na kupokea wageni. Bw. Gasper aliuliza wageni hao wanakula karanga za nani.

Gari la pili lilikuwa la rangi ya fedha, la milango mitano, viti vya nyuma vinakunjwa hadi sakafu inakuwa sawa, na tairi la akiba limefungwa kwenye mlango wa nyuma. Bw. Walter alisifu redio, kiyoyozi na sehemu ya kuwekea kikombe. Wajumbe walimshukuru, wakamwomba akae pembeni.

Kipimo kilifanyika kwa magunia ya pumba badala ya salfa. Gari jekundu lilimeza magunia manne, na mlango ukagoma kufunga. La fedha lilimeza manane pamoja na nyavu zote, na Bw. Gasper akaingia akajilaza juu yake kwa hiari yake. Kwa kura tano kwa moja, gari la fedha lilichaguliwa. Mwenyekiti aliomba isiandikwe nani alipiga kura ile moja.

KUMB. NA. 5/4/2004: JARIBIO LA MBWA
Magunia yalishushwa na mlango wa nyuma ukaachwa wazi. Bw. Eliakimu alimwita jike kiongozi, Hayawahusu. Hayawahusu alikuja akitikisa mkia, akafika hatua moja kutoka kwenye gari, akalala chini. Mbwa wengine wanane, yaani Tutaonana, Mwacheni, Wataisoma na ndugu zao, walikuja wakalala nyuma yake kwa mstari, wametulia kuliko Kamati.

Bw. Eliakimu alipiga mluzi. Hakuna aliyeinuka. Bw. Gasper aliweka utumbo wa mbuzi ndani ya buti. Mwacheni alinyoosha shingo, akaunusa, akarudi nyuma, mate yanamtiririka. Bw. Walter alijaribu kumsukuma Tutaonana kwa nyuma. Suruali ya Bw. Walter itashonwa na Chama.

Mwenyekiti alisema labda mbwa wangependelea gari jekundu.

Hapo Bw. Ashraf aliomba asomewe Kanuni ya 6 ya Chama. Katibu aliisoma: "Mbwa wa Chama asivuke kizingiti wala mlango wowote wa mwanachama. Akivuka, achapwe." Kanuni hii ilipendekezwa mwaka 1998 na Bw. Ashraf mwenyewe, ili wanaoswali wasiingiliwe na mbwa majumbani, ikaungwa mkono na Bw. Eliakimu, ambaye haswali ila aliwahi kuibiwa kitoweo chungu kizima. Tangu hapo kila mtoto wa mbwa hulelewa hivyo. Bw. Ashraf alisema miezi sita Kamati imepima magurudumu, injini na buti, na haikukumbuka kuwa gari nalo lina mlango. Alisema mbwa hawa ndio wanachama pekee wanaoifuata katiba. Wajumbe walicheka. Mama Sadallah hakucheka.

Bw. Eliakimu alishauri mbwa wafundishwe upya kwa wiki nne au tano. Mwenyekiti aliona ni busara, akaanza kupanga tarehe ya kikao kingine.

Mama Sadallah aliinuka bila kuomba ruhusa ya kiti. Alifungua kanga yake ya juu, akamfunika Hayawahusu, akamnyanyua mikononi. Ijulikane kwamba Mama Sadallah ni mtu wa dini tangu utotoni, na hakuna mjumbe aliyewahi kumwona akimgusa mbwa hata kwa ncha ya kiatu. Hayawahusu alimlamba kidevu. Bw. Ashraf alisema, "Mama Sadallah, mate hayo." Jibu lake linaandikwa kama alivyolitoa:

"Mate nitanawa, baba. Maji yapo, udongo upo. Shamba likishaliwa nitalinawia nini?"

Alimweka Hayawahusu ndani ya gari. Mbwa alisimama humo akitetemeka mwili mzima, macho kwa Bw. Eliakimu. Mama Sadallah naye akatazama huko huko, akasema, "Baba, si uweke chini hiyo fimbo."

Ndipo ilipoonekana kwamba Bw. Eliakimu, tangu alipoanza kuwaita, alikuwa ameshika fimbo ileile ya Kanuni ya 6. Mwenyewe aliitazama kana kwamba kapewa na mtu sasa hivi. Alisema ni mazoea tu. Katibu anakiri kuwa alikaa hatua tatu kutoka kwake, anaandika kila neno, na hakuiona.

Bw. Ashraf aliichukua fimbo mkononi mwa Bw. Eliakimu, akaivunja kwa goti, akavitupa vipande nje ya ua. Hayawahusu alikaa chini. Baada ya muda Tutaonana aliruka ndani, kisha Mwacheni akaenda moja kwa moja kwenye utumbo, na wengine wakafuata kwa fujo. Mbwa wote tisa walitosha, na nyavu pia. Bw. Eliakimu aligeukia ukutani, akasema vumbi limemwingia machoni.

Bw. Ashraf alimletea Mama Sadallah ndoo ya maji na udongo safi, akamshikia kata mwenyewe hadi aliponawa mara zote saba. Kikao kilisubiri.

KUMB. NA. 6/4/2004: MAAMUZI
(a) Gari la rangi ya fedha linunuliwe.
(b) Kanuni ya 6 irekebishwe: mlango wa gari la Chama si mlango. Ilipendekezwa na Bw. Ashraf. Wote waliafiki.
(c) Gari lifanyiwe majaribio ya barabarani. Bw. Walter alisema majaribio huwa ni kuzunguka hapo kijijini. Bw. Gasper alimfahamisha kuwa haya yatazungukia Chilangala.
(d) Kwa kuwa viti vya nyuma vimekunjwa, watasafiri Bw. Walter akiendesha, Bw. Eliakimu nyuma pamoja na mbwa, na mtu mmoja mbele. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua mlango wa mbele. Kamati ilimwomba aufungue zaidi, Mama Sadallah apite.

KUMB. NA. 7/4/2004: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alisogea dirishani, akaeleza kwamba angependa kusema maneno machache ya kihistoria kabla gari halijaondoka.

Mama Sadallah alimjibu, "Shikamoo, Mwalimu. Mimi naenda kung'oa karanga zangu."

Gari liliondoka. Kikao kilifungwa saa 8:40 mchana.

Mwenyekiti: (sahihi) R. Nandonde
Katibu: (sahihi) M. Chitanda