Mafua Tu, Mama Anaeli

Mama Anaeli,

Wametupatia tena ile karatasi.

Unaijua. Ni ile niliyoitupa mezani mwaka jana, ukaniuliza ni ya nini, nikakujibu achana nayo, mambo ya kazini. Kampuni inawalipia wote tunaopanda mlima na wageni tuchanjwe chanjo ya mafua kabla baridi haijashika. Kuna viboksi viwili, Nakubali na Sikubali, halafu mstari wa sahihi. Mwaka jana nilitia tiki Sikubali nikiwa nimesimama pale stoo ya kampuni, mtaa wa Kwa Mrombo, nikawaambia vijana kwamba tukiendelea hivi tutaletewa na chanjo ya kupiga miayo. Walicheka mpaka mmoja akaangusha masufuria. Unanijua, nikishaona watu wanacheka siwezi kujizuia.

Mwaka huu karatasi ilikaa kwenye mfuko wa koti siku tisa. Nilikuwa naishika tu, naikunja, naikunjua. Mpaka pale kwenye mkunjo ikaanza kuchanika.

Ngoja nikupe habari za nyumbani kwanza, maana ungeniuliza. Ng'ombe amezaa, dume tena. Anaeli bado yuko Mwanza, anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada, anauliza kama nakula. Mama yako nimemhamishia chumba cha mbele, kile kinachopata joto la jiko. Kaka yako alitaka kumchukua, mwenyewe akagoma, akasema haondoki kwenye nyumba ambayo mtoto wake amelala nje yake. Basi tumebaki wawili, mimi na mama mkwe, tunaotea moto mmoja. Wazee wa zamani wangetutoza faini, maana mkwe hakai jikoni na mama mkwe. Mimi niliyewapikia wageni mlimani miaka yote hii, wewe hukuniruhusu hata kufunua sufuria yako, na sasa nampikia mama yako loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kwa mikono hii. Anaonja, kisha anasema maziwa hayajalala vizuri. Kila mara maziwa hayajalala vizuri! Namwambia, mama, nitayaimbia.

Lakini sikukaa kukuandikia habari za maziwa.

Mama Anaeli, unakumbuka siku niliyoshuka na ile safari ya mwisho? Kulikuwa na mgeni mmoja, mzee, alianza kupiga chafya pale kibanda cha Miriakamba usiku wa kwanza, na tulipofika kibanda cha pili nusu ya msafara tulikuwa tunavuta kamasi. Nilifika nyumbani macho mekundu, kichwa kinagonga. Ukanicheka. Ukasema mwanaume wa mlimani ameshindwa na pua yake. Ukanichemshia tangawizi, nikanywa nusu, ukamalizia wewe kwenye kikombe hicho hicho kwa sababu hukupenda kumwaga kitu. Siku ya nne ukashindwa kwenda kukata majani ya ng'ombe. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, maana wewe hata siku uliyomzaa Anaeli ulikata majani asubuhi. Sikushtuka.

Sasa niseme kile ambacho sijamwambia mtu.

Pale zahanati, yule daktari kijana alipouliza mama anasumbuliwa na nini, ulijibu kwa Kimeru. Kiswahili unakijua, lakini mtu akizidiwa anarudi kwenye lugha aliyonyonya nayo. Ulisema mengi. Ulisema pumzi inaishia shingoni, haishuki. Ulisema ubavu wa kushoto unachoma ukijaribu kulala. Ulisema tangu jana unaona kama mtu amekaa juu yako. Daktari akanigeukia mimi, akasubiri. Nyuma yetu kulikuwa na foleni, watoto wanalia, nami nilitaka tumalize twende. Nikamwambia, "Ana mafua tu, daktari."

Maneno yako yote yale nikayafanya neno moja.

Ulinitazama. Ulikuwa unaelewa Kiswahili vizuri kabisa. Ulinitazama, hukunisahihisha, kwa sababu hukuwahi kunisahihisha mbele za watu. Tukapewa panado na dawa ya kikohozi, tukarudi. Kesho yake jioni midomo yako ilikuwa imebadilika rangi.

Kule hospitali kubwa ulikaa siku mbili na mpira wa hewa puani. Daktari wa kule alinitoa nje, akaniambia ni influenza, imeingia mapafuni ikaleta nimonia, na umecheleweshwa. Nikamuuliza influenza ndiyo nini kwa Kiswahili. Akafikiri kidogo, akasema, "Mafua." Nilimwambia asinitanie, mke wangu yuko pale ndani anakata roho. Akarudia kwa upole, mafua, mzee, lakini yale makali. Nusura nimkunje. Mpaka leo sijui kama nilitaka kumpiga yeye au mimi mwenyewe.

Msibani nilisema moyo. Ningesemaje? Ningesimama mbele ya usharika mzima niseme mwanamke mwenye nguvu kama wewe ameuawa na mafua? Hata hiyo ya moyo yenyewe hawakuiamini. Kaka yako aliniuliza mara tatu ulikula wapi siku zile za mwisho, na kwa nani. Nilielewa anakotaka kufika. Mara ya tatu nilimwambia aniache nizike mke wangu. Tangu hapo tunasalimiana kwa mbali.

Sasa unaona kwa nini kalamu ilinigomea siku tisa. Siyo sindano ninayoiogopa, nimechomwa na miba mikubwa kuliko sindano. Na siyo maneno ya vijana pale stoo, mmoja anasema inamaliza nguvu za kiume, mwingine anasema yeye alichanjwa na mafua akayapata vile vile. Hayo nayasikia nayaacha. Ninachoogopa ni kile kiboksi cha Nakubali. Nikikitia tiki mwaka huu, basi mwaka jana kilikuwepo pia. Kilikuwepo, na kalamu ilikuwepo, na mimi nikachagua kuchekesha watu.

Nilishuka kituo cha afya cha Kaloleni peke yangu siku ya saba, kuuliza tu. Muuguzi aliyenipokea ni mama mtu mzima, hana mchezo. Akaniambia, "Baba, hii siyo kufuli. Unaweza kuchanjwa na bado ukaugua. Lakini wengi wanaepushwa na ule ugonjwa mbaya wa kulazwa." Nikamuuliza kwa nini kila mwaka, mbona ya surua ni utotoni tu imekwisha. Akasema haya mafua yanabadilika, ya mwaka huu siyo yale ya mwaka jana, na kinga nayo inachoka. Tena haifanyi kazi siku hiyo hiyo, mwili unahitaji kama wiki mbili. Halafu akaniuliza kama nyumbani kuna mzee. Nikasema yupo mama mkwe. Akasema huyo ndiye wa kuletwa kwanza.

Nikamuuliza swali moja la mwisho. Mtu akitoka safari na mafua, mke wake akaugua akafa, je, ni yeye aliyemletea? Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema hilo hakuna anayelijua, baba. Nikamshukuru nikaondoka bila kuchanjwa.

Niliporudi nilikuta ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Siku hizi hauondoki, Mama Anaeli, unakaa mpaka saa sita mchana, na ndani ya ukungu huo unasikia watu wanakohoa bila kuwaona. Kwa jirani wa juu wanakohoa watatu. Jumapili kwaya iliimba bila sauti ya tatu, wote wako kitandani. Mwinjilisti alitangaza wagonjwa mpaka nikaacha kusikiliza majina. Mtu aliyekaa nyuma yangu akasema, "Ni mafua tu, yatapita." Nilishika benchi kwa mikono miwili.

Jumatatu mchana nikamkalisha mama yako karibu na moto. Nilitaka akubali kwenda kuchanjwa, na asingekubali bila kujua kwa nini, unamjua, humsogezi hata hatua bila sababu. Kwa hiyo nilimwambia yote. Karatasi, kikombe, zahanati, lile neno. Nilimwambia haukuwa moyo. Nilimwambia, "Mama, ni mimi niliyemletea." Nilikuwa natazama chini, nasubiri anifukuze kwenye nyumba yangu mwenyewe, na ningeondoka.

Kuni ikaanguka, akairudisha motoni. Halafu akasema kwa Kimeru, nami nakuandikia kila neno alilosema, silifupishi hata moja. Alisema, "Baba Anaeli, ulipokuwa bado mlimani, mimi nilikuwa nakohoa. Siku tatu kabla hujashuka. Nilikoholea kwenye kanga ili mwanangu asisikie akahangaika, na yeye ndiye aliyekuwa akiifua kanga hiyo. Wewe ulipofika na mafua yako nilishukuru, maana watu wangesema ni wewe. Nimekula chakula chako mwaka mzima nikijua hivyo."

Nililia, naye akalia, tumekaa pale watu wazima wawili tunavuta kamasi kama watoto. Sikumsamehe wala hakunisamehe. Hatukufikia huko. Mwisho aliuliza tu, sindano inachomwa wapi. Nikamwambia begani. Akasema basi ashonewe kifungo cha gauni la kijani, hawezi kuvuliwa nguo na mtu asiyemjua akiwa na gauni bovu.

Nikashona kifungo. Kesho yake nikatia tiki, nikaweka sahihi, tukashuka pamoja. Alichomwa yeye kwanza. Hakutikisika, alimwambia muuguzi mkono wake ni mwepesi. Mimi bega liliniuma siku mbili na homa kidogo, akanicheka, kicheko chako kabisa, nikalazimika kutoka nje.

Leo ni siku ya tano tangu tuchomwe.

Wageni wanafika Jumamosi ijayo. Nimewaambia kampuni safari hii sipandi, watafute mpishi mwingine, na wamenuna. Kaka yako alikuja jana, nikamzuia getini kwa sababu alikuwa na kikohozi. Alisimama kwenye ukungu akaniuliza kama sasa namficha na mama yake pia. Nikamwambia arudi wiki mbili zikiisha nitamweleza yote, na nitamweleza kweli, hata kama atanichukia. Aliondoka bila kuaga.

Asubuhi hii, nilipokuwa nachochea moto, mama yako amepiga chafya. Mara moja. Nimesimama na mwiko mkononi nikisubiri ya pili. Amenitazama, nimemtazama. Haikuja. Mpaka saa hizi naandika haijaja, lakini nimeuacha mlango wazi ili nisikie.

Sitakudanganya kwamba siogopi. Naogopa sana, mke wangu. Nakuahidi jambo moja tu. Akianza kuhema vibaya, hata kidogo, namshusha hospitali saa hiyo hiyo, na akiulizwa anasumbuliwa na nini nitasema kila atakachosema yeye, hata foleni ifike barabarani.

Pumzika, Mama Anaeli. Zimebaki siku tisa. Zikiisha nitakuja hapo ulipolala kwenye migomba kukuambia tumebaki wangapi.

Mimi mumeo,
Baba Anaeli