Inzi kwenye shingo ya Kambale

Jumatano, manyunyu tangu asubuhi. Mulima umejifunika wingu mpaka kidevuni kama mugonjwa, na mimi pia nimejifunika, ingawa siumwi. Nimefungiwa nyumbani. Tangu niamke nimekohoa mara mbili tu, na zote zilikuwa za kumtisha jirani anayechungulia dirishani.

Aliyenifungia si muganga wala polisi. Ni beji.

Kwa wasionijua: mimi ni mulinzi wa lango, zamu kama tunavyosema hapa Goma, kwenye depo moja la kahawa. Korona hii ilipofika, shefu, mukubwa wetu wa kazi, alituletea beji za kuvaa shingoni. Ndani yake mna kimashini. Watu wawili wakikaribiana, beji zao zinasikiana na kuandika. Mmoja akiugua, mashini inasema nani alikuwa karibu naye. Mimi niliisifu sana. Nilisema angalau sasa tutajua ni nani anayemkaribia mama wa jikoni mpaka sahani yake inajaa maharage kuliko zetu.

Juzi akazidiwa Papa Kambale, fundi anayeshona magunia. Mutu wa Butembo, Mukatoliki wa kupiga magoti mpaka suruali inatoboka. Wamempeleka hospitali, kifua kinakataa hewa.

Jana asubuhi Madame Furaha wa biro, yaani ofisini, akatukusanya uani, kila mutu mbali na mwenzake, akasoma kwenye kompyuta yake: "Mutu aliyekaa karibu na Papa Kambale kuliko wote ni Papa Amisi."

Papa Amisi ni mimi. Depo zima likacheka ndani ya barakoa.

Maana kila mutu anajua: mimi na Kambale hatusalimiani.

Ugomvi wetu ni mudogo, ila umezeeka vizuri. Siku ya kutengenezewa karatasi za kazi, hakuna kati yetu aliyejua amezaliwa lini, basi karani akatukisia kwa macho, akatuandikia sote "kuelekea" mwaka mmoja uleule. Tulipokuwa tunatoka, nikamwambia Kambale, "Mudogo, nipishe." Akasimama katikati ya mulango kama kabati. "Mudogo nani? Weye njo mudogo!" Tangu siku hiyo kila mmoja anangoja mudogo amsalimie mukubwa kwanza.

Miaka tunangoja.

"Madame, mashini yako inasema uongo," nikamwambia. "Mimi na huyo hata jambo hakuna!"

"Papa, mashini haiulizi jambo. Inauliza mita."

Mutu mmoja akapaza sauti toka nyuma, "Papa Amisi, kumbe munapendana kwa kujificha!"

Waache wacheke. Mimi nilishajua beji zimetukamata wapi. Kibanda changu cha lango na kibanda chake cha kushonea vinagawana ukuta mmoja wa mbao. Mimi naegemeza mugongo upande huu, yeye upande ule. Cherehani yake ikitembea, ukuta unatetemeka na kiuno changu kinapata dawa. Beji hazijui mbao. Ningesema tu, "Madame, kati yetu kuna ukuta," labda ningerudi langoni kwangu na termosi yangu ya chai.

Nikafungua mudomo. Nikaufunga.

Kwa sababu ukuta ule una tundu.

Ni pale jicho la ubao lilipodondoka, sawasawa na shingo ya Kambale. Muchana usingizi ukinizidi, nachomoa unyasi wa ufagio, naupitisha polepole tunduni, namtekenya. Yeye anajipiga kofi, pah! "Inzi hawa!" Mimi nauma kofia yangu nisicheke. Mutu muzima, mwenye wajukuu. Nimefanya hivyo miaka yote na sijamwambia yeyote. Na wiki iliyopita, alipoanza kukohoa, niliweka jicho kwenye tundu lile nimuangalie, pumzi yake ikanipiga shavuni, ya moto.

Basi mashini haikusema uongo.

"Sawa, Madame," nikasema. "Ni mimi. Nilikuwa naye."

Hawakucheka tena.

Sasa niko hapa nyumbani, na leo nimeegemea kuta zote, moja baada ya nyingine. Hakuna unaotetemeka. Asubuhi Madame Furaha amenipigia kuuliza kama nina homa. Nikamuuliza habari za yule mwingine. Akasema, "Amechoka sana, Papa. Haongei sana." Tangu hapo chai yangu inapoa kikombeni. Nikiendelea kungoja anisalimie kwanza, naye akajiendea, nitakuwa mukubwa wa nani?

Nikamuomba Madame namba ya Kambale. Alasiri nimempigia. Simu imelia mpaka nikataka kukata, kisha nikasikia pumzi tu, kama cherehani isiyotiwa mafuta.

"Yaya," nikasema. "Jambo."

Yaya, kwetu hapa, ndiye aliyekutangulia kuzaliwa. Neno hilo sijawahi kumpa mutu yeyote wa depo.

"Nani?"

"Amisi wa lango."

"Rudia. Masikio haisikie muzuri."

Anasikia vizuri sana, muzee mubaya yule.

"Jambo, yaya."

"Jambo, mudogo." Akakohoa, akapumzika, akakohoa tena. Nikadhani amemaliza. "Na ule inzi wako? Yeye iko muzima?"

Kumbe alijua.

Fundi mwenye rundo la magunia, sindano ndefu kama kiganja, na uzi wa kuizunguka Goma nzima, na hakuziba tundu lile. Kila siku alikuja akaketi palepale, akaleta shingo palepale.

"Iko muzima," nikasema. "Anakungoja."

Baada ya simu nimelia kidogo. Jirani alikuwa anachungulia tena, nikamkoholea, akakimbia.

Nimeng'oa unyasi mmoja kwenye ufagio wa nyumbani, murefu, laini nchani, nikauweka juu ya redio. Kesho nitampigia tena, na kesho kutwa, na nitamwita yaya kadiri anavyotaka, mpaka kifua kile kikubali hewa.

Akishapona, ajue yeye ndiye mudogo.