Nafasi Yako Uwanjani, Ilunga

Ilunga, ndugu yangu,

Jumapili tunacheza mpira wa kikapu na watu wa Likasi, na kocha amenipa nafasi yako. Nasema yako, ingawa tuliigombania sisi wawili tangu shuleni, mmoja ndani, mwingine kwenye benchi akiomba mwenzake achoke. Sasa benchi ni tupu. Siwezi, Ilunga. Miguu haitaki.

Tangu homa ikuchukue, mama yako amehamia kwa dada yako, mtaa wa Kamalondo. Uwanja bado tunaufagia Jumamosi, siku ya salongo, usafi wa mtaa mzima, na vumbi jekundu linarudi kabla hatujaweka mafagio chini. Mazoezini nikikimbia na mpira, nikifika kona ya kushoto ulipozoea kuninyang'anya, napunguza mwendo. Nangojea mkono wako. Jana kocha alipiga kelele: "Kabamba, uko unangojea nani?"

Kwenye kilio chako watani walikuja, kama ilivyo desturi. Bibi mmoja alivaa jezi yako juu ya kitenge, akadundisha mpira katikati ya wafiwa, kichwa ameinamisha kama wewe kabisa. "Muangalie muvivu huyu! Iko anapasia benzake tu, kufunga hapana! Ameona benchi, amekimbia mu kaburi!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama yako pia. Kisha bibi huyo akanisukumia mpira kifuani: "Na weye, nafasi iko yako yote sasa. Kula peke yako!"

Kwetu nani hula peke yake?

Watu wanatulinganisha hata sasa. Wanasema mimi ndiye mfungaji, jina langu ndilo walilokuwa wakiliimba. Nilifunga, ndiyo. Lakini Mwepu, mrefu wetu wa chini ya kikapu, anasema ulipokuwa ndani wewe, mpira ulimkuta mikono yake imeshafunguka. Nikiwa ndani mimi, anakimbia bure na kurudi bure. Wewe ulitufanya tuwe watano. Mwenyewe ulinitania: "Kabamba, mupira ukishika, ni kama umeuoa!" Na hata kufunga kwangu... nani alinikaba kila jioni mpaka nikajua kuponyoka? Nikitoka na jasho, nani alikuwa wa kwanza kunipa maji, halafu akaingia mahali pangu akicheka?

Nani atanikaba sasa?

Lala, ndugu yangu. Jumapili mpira wa kwanza nitakaoushika sitautupa kikapuni, hata njia ikiwa wazi. Nitampa Mwepu, wa kudunda, chini chini, kama ulivyokuwa ukimpa wewe. Akifunga, tumekula wote. Akikosa, nitampa tena.

Jezi yako nimemwomba mama yako, amekubali. Nitaitandika kwenye benchi, mahali pako, ili kila nikigeuka nijue bado yuko mtu anayeitaka nafasi hii.

Mwenzako,
Kabamba