Ile Commit Niliyoiita Chai

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimekasirika sana. Jerry, mwenzangu kazini, amesafisha historia ya code yetu bila kuniuliza! Eti wafadhili wakichungulia waone kitu safi. Commit zangu tisini, kila hatua niliyohifadhi kwa app ya kugawia wakulima mbegu — "jaribu", "jaribu tena", "Mungu saidia" — amezikunja zikawa moja. Jina juu yake? Lake! Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Micah, bosi wetu, alisema ataangalia historia ndio aamue kama nabaki. Sasa ataona nini? Hewa!

Jumanne, 4 Machi

Branch ya zamani, nakala yangu ya kabla hajasafisha, bado ninayo kwa laptop. Nimeilinganisha na yake. Kusafisha historia hakufai kubadilisha code yenyewe, tofauti inafaa iwe sufuri. Si sufuri! Mistari kumi na nne haiko. Ndiyo ile inayoruhusu wakulima kadhaa watumie simu moja. Bila hiyo, namba ikijirudia app inabakisha mtu mmoja, wengine inafuta. Na kule kijijini Keringet wamama wangapi wanatumia simu ya jirani? Sitini na mmoja wametoka kwa orodha ya mbegu ya viazi. Mbegu inagawanywa Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuonyesha Jerry. Akacheka. Eti commit iliitwa "chai", akadhani ni upuzi, akaitupa. Nani huita kazi ya maana "chai"?

Mimi. Awuor wa jikoni alikuwa ameshamimina ya saa nne, nikaandika neno la kwanza lililokuja nikakimbia. Ana pointi, mjinga huyu! Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Micah naye: hakuna kugusa kitu mpaka wafadhili waende. Nikamuuliza, na wale watu sitini na mmoja? Eti nisilete drama.

Alhamisi, 6 Machi. Keringet, nyuma ya ukumbi

Jerry ana maiki, anasoma majina. Jirani mmoja mwenye simu ameitwa, amebeba gunia lake. Mathe, yule mama waliyekuja naye, amebaki. "Na mimi? Tuliandikwa siku moja, simu ni ya huyu." Jerry anatafuta. Hakuna. Mwingine amesimama. Wengine watano. Kelele!

Nimeingoja aibu hii ya Jerry tangu Jumatatu. Mbona sifurahi?

Jerry amekuja hadi hapa, amefunika maiki kwa mkono. "Nyakio, tafadhali. Ile ya chai unayo?"

Ninayo. Orodha nzima, iliyotoka kwa branch yangu, iko hapa kwa laptop magotini. Nimemwambia, "Maiki nipe, nitasoma mwenyewe." Anamwangalia Micah. Micah anaangalia wafadhili. Mathe bado amesimama.